Kutoka Sanduku la Kufuli Tatu hadi Simu ya Mkononi: Namna Desturi za Vikundi Zilivyounda Programu za Fedha

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa katika Kata ya Rungwa wanalifahamu sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu wasioishi nyumba moja, na sanduku lenyewe hutunzwa na mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya mkutano. Kwa kuwa vikundi vingi sasa vinafikiria kuhamishia fedha zao kwenye simu, ni haki ya kila mwanachama kuuliza: je, kufuli zile zinakwenda wapi?

Kwanza tulitazame sanduku, maana lenyewe ni mfumo uliobuniwa kwa uangalifu mkubwa. Utaratibu huu ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliboresha upatu uliokuwa ukichezwa na wanawake wa vijijini. Nchini Tanzania ulienea miaka ya 2000, na wengi wetu tunaujua kwa jina la VICOBA. Kila sehemu yake ina sababu. Katika vikundi vingi hisa hugongwa muhuri katika daftari la mwanachama, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Kabla ya sanduku kufungwa salio hutangazwa kwa sauti na wanachama hulikariri. Mkutano unaofuata huanza kwa kuulizwa ni kiasi gani kiliachwa. Mwizi wa kalamu hawezi kufuta kumbukumbu za watu ishirini na watano.

Sanduku lina udhaifu mmoja mkubwa. Mzunguko unapokaribia mwisho na siku ya mgao kuwadia, fedha za mwaka mzima hulala chini ya paa moja, na kijiji kizima kinajua ni paa lipi.

Simu nazo hazikuletwa zikiwa zimekamilika. M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, wabunifu wake walikusudia wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo warejeshe mikopo yao kwa simu. Watumiaji wakaipa kazi nyingine: walitumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikokuwa kiini chake, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Waliojaribiwa, kwa kutofuata kusudio la wabunifu, ndio waliowaonyesha njia.

Vikundi navyo vikafanya vivyo hivyo. Fedha za kikundi zikikaa katika laini ya mweka hazina peke yake, ni sawa na kumpa mtu mmoja funguo zote tatu. Ndiyo maana mwaka 2019 Vodacom na Benki ya Posta zilipoanzisha M-Koba, zilichukua mfano kutoka vikoba vyenyewe: fedha ni za kikundi, kutoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja, na wanachama hupata taarifa ya miamala kwa ujumbe mfupi. Kufuli zimegeuka namba za siri.

Hata hivyo, si kila kilichokuwamo sandukuni kimehamia simuni. Mihuri imegeuka tarakimu, na mzee asiyesoma humpa mjukuu simu amsomee, pengine pamoja na namba ya siri. Hapo kufuli moja imekwisha kufunguka bila mkutano kujua. Mtandao ukiwa hafifu, idhini ya mmoja huchelewa na mkopo wa matibabu hukwama. Tunashauri vikundi visiache mkutano: ujumbe wa salio usomwe kwa sauti, uandikwe katika daftari, ukaririwe kama zamani. Kiasi kidogo cha mfuko wa jamii kinaweza kubaki sandukuni kwa ajili ya misiba na dharura. Wafugaji wa nyuki, ambao fedha zao huja kwa msimu wa asali, wapange marejesho yao kwa msimu huo na kuyaandika hivyo.

Liko jambo moja ambalo vikundi huligundua kwa kuchelewa. Mshika ufunguo akifariki au kuhama, kufuli hukatwa mbele ya wanachama na kazi inaendelea. Laini ya simu haikatwi hivyo, kwani imesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe, na idhini yake haiwezi kutolewa na mwingine.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya aina hii husajiliwa katika halmashauri. Wakati wa kuandaa katiba kwa ajili ya usajili, kikundi kiweke kifungu kinachotaja nani wanatoa idhini, nani atachukua nafasi ya asiyekuwapo, na mabadiliko hayo yatapitishwa katika mkutano upi. Kikundi kilichokwisha kusajiliwa bila kifungu hicho kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, kikiwa na katiba yake na muhtasari wa mkutano uliokubali marekebisho, kabla ya siku ya mgao.