Tembo wa Kauri na Siri ya Rangi Zake

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, wamo tembo wawili wa kauri waliofinyangwa Japani baina ya mwaka 1660 na 1690 hivi. Miili yao ni myeupe kama maziwa, na matandiko yao yametiwa rangi zing'arazo. Japani haina tembo wa mwituni. Yamkini mafundi wa mji wa Arita walifuata picha tu. Msomaji aliyezoea tembo wa Afrika ataona masikio ni madogo mno, lakini hapo fundi hakukosea, kwani tembo wa Asia ndivyo alivyo.

Lililo gumu zaidi kulieleza ni rangi. Kauri huiva katika joto la nyuzi 1300 za Sentigredi hivi, ambapo udongo hushikamana ukawa kama jiwe, na tabaka la kioo lililo juu yake huyeyuka na kuenea. Kobalti hustahimili joto hilo. Ndiyo sababu vyombo vingi vya kale vina michoro ya buluu peke yake. Wekundu, hata hivyo, hutokana na chembe ndogo sana za oksidi ya chuma, nazo huyeyukia ndani ya kioo na wekundu ukatoweka.

Katika miaka ya 1640 mafundi wa Arita walianza kutumia mbinu iliyokwisha kujulikana China. Chombo kilichomwa kwanza kikaiva kabisa. Kisha rangi, zilizosagwa pamoja na kioo chenye madini ya risasi, zilipakwa juu yake, kikachomwa tena kwa nyuzi 700 hadi 800 tu. Risasi hukifanya kioo kiyeyuke mapema, hivyo rangi hunata bila kuungua. Shaba ilitoa kijani, na manganizi zambarau. Lakini rangi na kauri zisipopanuka na kunywea kwa kadiri moja, mchoro hupasuka au hubanduka.

Kwa rangi hizo walichorwa kware, korongo na simbamarara, mnyama mwingine asiyeishi Japani. Kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa Ujerumani mwaka 1710, kilimwiga simbamarara huyo, na nakshi ile ikaja kuitwa "Simba wa Manjano"!

Mwanafunzi aweza kuitambua mbinu hii kwa kupitisha kidole juu ya sahani: mchoro uliopakwa juu ya kioo mara nyingi huhisika umeinuka kidogo. Sahani ya kale ya namna hiyo isitiliwe siki wala ndimu, kwa kuwa asidi huitoa risasi ikaingia katika chakula.