Maziwa Hayaondoi Moshi wa Magari Kifuani

Msomaji, ukikaa steji nusu saa jioni kisha ukapenga kamasi, kitambaa hutoka na weusi. Weusi huo usikutishe sana. Ni masizi makubwa yaliyonaswa na pua, na hiyo ndiyo kazi ya pua. Ya kutisha ni yale usiyoyaona. Moshi wa dizeli una chembe zisizofikia upana wa mikromita 2.5, unywele wako mmoja huzishinda kwa unene mara 20 au zaidi. Hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa mapafuni, na zile ndogo kabisa huingia katika damu. Ndiyo sababu moshi wa barabarani hauleti kikohozi na pumu peke yake, bali huchangia pia maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani, kundi lile lile la tumbaku.

Wagonjwa wengi huniambia wao hunywa maziwa ili kuosha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini njia yake ni ya tumboni. Hayafiki mapafuni, na yakifika huko ni balaa jingine.

Kuna pia gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hukosa hewa huku anapumua. Usiwashe gari ndani ya gareji iliyofungwa, hata kama ni kulipasha moto tu asubuhi. Ukisikia kichwa kinagonga na kichefuchefu, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Mtoto hupumua kwa kasi kuliko wewe, na kimo chake humweka karibu na bomba la moshi. Ukimpeleka shule kwa miguu, pita njia za ndani. Aliyeandikiwa dawa ya pumu ya kuvuta kila siku asiikatize kwa kuwa wiki hii hakohoi. Ndani ya matatu, funga dirisha mkiwa nyuma ya lori linalofuka, kisha ulifungue likiisha kupita, kwani matatu iliyojaa watu bila hewa ina maradhi yake.

Usidhani hakuna liwezekanalo. Zamani petroli yetu ilitiwa risasi, madini yanayodumaza akili za watoto. Kenya iliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuyauzia magari petroli hiyo, ikaacha 2021. Tangu 2015 dizeli yetu nayo imepunguziwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni.

Lakini injini iliyochoka itafuka hata ikinyweshwa mafuta safi. Masizi yake yakipaa hunyonya joto la jua na kuzidisha joto la dunia. Gesi zake za naitrojeni zikipigwa na jua husaidia kuunda ozoni ya karibu na ardhi, inayochoma mapafu na kudhoofisha mimea shambani. Kanuni za ubora wa hewa zipo. Utekelezaji ndio unaosuasua. Kwa hivyo ikiwa gari lako la dizeli linatoa moshi mweusi, mwambie fundi akague nozeli na kichujio cha hewa wiki hii, kabla hujaongeza mafuta mengine.