Hesabu ya Gridi na Laini ya Wandegeya

Ndugu wafanyakazi, taa zinapozimika ghafla hapa Wandegeya, bila mvua wala nguzo kuanguka, wengi wetu husema umeme umekwisha. Pengine haukwisha. Huenda gridi imeikata laini yetu ili yenyewe isianguke, na ukataji huo ulipangwa siku nyingi, mezani, kwa hesabu. Yafaa tuijue.

Mitambo yote ya gridi huzunguka kwa pamoja na kutoa mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde. Kuihesabu mmoja mmoja, pamoja na kila waya na kila taa, ni kazi nzito hata kwa kompyuta. Kwa hiyo wahandisi hufupisha. Nalubaale, iliyofunguliwa 1954 kwa jina la Owen Falls, na Kiira na Bujagali, zote ziko karibu na Jinja. Zikitikisika hutikisika pamoja, basi zaweza kuandikwa kama gurudumu moja zito. Karuma, iliyozinduliwa 2024, iko mbali kaskazini: gurudumu la pili. Kenya nzima ni la tatu, limefungwa kwetu kwa laini ya Tororo hadi Lessos, mfano wa springi. Swali ni moja tu: gurudumu moja likishtuliwa, yatarudi kwenda pamoja, au yataachana?

Tuchukue mfano. Gridi inatumia megawati 1,000, laini ya Kenya imekatika, na mtambo mmoja wa Karuma wa megawati 100 unazimika. Tuseme nguvu iliyomo katika mzunguko wa magurudumu ingetosha kuilisha gridi kwa sekunde 3. Mizunguko itaanza kushuka kwa 0.83 hivi kila sekunde. Sekunde moja tu, na tuko karibu na 49.2. Maji ya Jinja hayawahi kuongezwa vya kutosha kwa muda huo. Ndipo swichi hukata laini zenyewe. Si hadithi. Tarehe 6 Septemba 2024 Kenya ilipoteza megawati 288 kupitia Suswa, kisha 200 zilizotoka Ethiopia, na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani.

Sasa, katika hesabu hiyo Wandegeya ni nambari moja. Ndani yake mmo jirani zetu Mulago na Makerere, soko, mafundi wa kuchomea, wauza roleksi na nyumba za Katanga. Hatuilaumu hesabu, haikuulizwa habari za watu. Lakini magurudumu hayajali sana megawati 5 zimekatwa mtaa gani. Kwa hiyo anayepanga laini ipi itangulie kukatwa asituambie kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua. Orodha hiyo ni ya binadamu, na tuna haki ya kuiuliza.

Liko jambo jingine, nalo huua. Laini ikikatwa, hesabu huandika sifuri. Mtaani mwenye duka huwasha jenereta, na kama hana swichi ya kubadilishia, umeme wake huingia kwenye waya za nje. Transfoma huupandisha hadi volti 11,000, nao humkuta mwenzetu juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Mafundi wa laini, pimeni kwanza, kisha fungeni waya wa ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, hata kama chumba cha uongozaji kimewaambia laini imezimwa.