Gitaa la Katanga na Ustadi wa Kurudia

Msafiri ashukaye Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, huwa amefika Katanga, huko Kongo, nchi ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa shaba yake, na wachache tu ndio wakumbukao kwamba ni nchi hiyo iliyowafunza baba zao kupiga gitaa kwa vidole. Ukiishika njia ya kaskazini-magharibi kwa kilomita zipatazo 120 utaingia Likasi, mji ambao zama za Wabelgiji ukiitwa Jadotville; na hapo ndipo mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alipomkuta kijana wa miaka 22 hivi, mzaliwa wa Bunkeya, makao ya kale ya mfalme Msiri, aitwaye Jean-Bosco Mwenda, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake uitwao "Masanga" ulitoka kwenye santuri, ukasafiri kutoka kusini mwa Afrika hata Nairobi, na leo, baada ya zaidi ya miaka 70, bado wapigaji hujifunza kuupiga.

Sababu ya wimbo ule kudumu ndiyo niitakayo kuieleza, kwa kuwa aghalabu watu huitafuta pasipo mahali pake. Husifu wepesi wa vidole vya Mwenda, nao ulikuwa wepesi wa ajabu. Lakini wapigaji wepesi wamepita wengi, na mahadhi yao yamekwenda nao. Kilichoyafanya mahadhi ya Mwenda yakae katika kumbukumbu ni takriri, yaani kule kurudia kwake jambo moja, kwa makusudi na kwa kipimo.

Tutazame mkono wa kulia. Katika mtindo huu wa Katanga vidole vitendavyo kazi ni viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba huteremka juu ya nyuzi nene, likitoa sauti nzito zinazokwenda kwa hatua zisizobadilika. Kidole cha shahada hupanda kikizichomoa nyuzi nyembamba, na humo ndimo mahadhi yanamokaa. Vidole hivi hupishana kama wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja, mmoja akiinua mchi huku mwenziwe akishusha, hata msikilizaji asiyeona hudhani kuwa wapigaji ni wawili. Mzunguko wote huwa mfupi mno. Lau tukiukadiria kuwa wa sekunde nane, basi katika upande mmoja wa santuri za zama zile, zilizozunguka mara 78 kwa dakika na kuchukua muziki wa dakika tatu hivi, mzunguko huo utapita zaidi ya mara ishirini. Mtu aliyeisikia santuri mara moja tu amekwisha kuyasikia mahadhi yale zaidi ya mara ishirini, ilhali yeye anadhani amesikia wimbo mmoja.

Walakini zile mara ishirini hazifanani. David Rycroft, mtaalamu wa muziki aliyeziandika sauti za gitaa la Mwenda kwa nota, moja baada ya moja, na kuutoa uchunguzi wake mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi mpigaji huyu alivyokuwa akiugeuzageuza msingi ule ule: sauti moja hucheleweshwa, nyingine huongezwa, nyingine huachwa. Hapa ndipo ulipo ustadi. Badiliko dogo halisikiki ila kwa sikio lililokwisha kujua njia ya kawaida. Na sikio haliijui njia mpaka lipitishwe humo mara kadhaa. Kwa hiyo mpigaji hurudia kwanza ili kutufundisha, kisha hubadili ili kutufurahisha, na asiyerudia hawezi kubadili neno lolote, maana hajaweka chochote cha kubadilishwa.

Tena muziki una shida ambayo maandishi hayana. Asomaye akisahau hurudi ukurasa wa nyuma; asikilizaye hawezi kurudi, kwa kuwa sauti ikilia imekwisha, na ni mpigaji peke yake awezaye kumrudisha. Washairi wetu wa pwani walilifahamu jambo hili tangu kale, ndiyo maana wengi wao waliufunga kila ubeti kwa mstari mmoja usiobadilika, wakijua kwamba msikilizaji aliyesahau beti zote ataondoka na kipokeo hicho.

Maarifa ya siku hizi yamekubaliana nao. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc, wa Marekani, alionyesha kwamba watu hukipenda zaidi kitu walichokutana nacho mara nyingi, hata kama ni neno lisilo na maana kwao. Naye mwanasaikolojia Diana Deutsch aligundua mwaka 1995 kwamba kipande cha maneno ya kawaida, kikirudiwarudiwa bila kugeuzwa, huanza kusikika kana kwamba kinaimbwa. Jambo hili la pili hunistaajabisha kila nilifikiripo, maana laonyesha kwamba takriri huweza kuutoa muziki mahali ambapo haukuwapo.

Wala takriri hiyo haikubaki Katanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na Edouard Masengo, jamaa yake, naye akakaa huko. Wapigaji wa Kenya wakawasikiliza kwa makini. Magharibi mwa Kenya George Mukabi na wenziwe walikuwa na mtindo wao wa omutibo, na humo chupa ya soda iligongwa na kukwaruzwa pigo lile lile toka mwanzo hata mwisho, ili gitaa lipate uhuru wa kutembea. Kongo yenyewe ikaendelea na sebene, ile sehemu ya rumba ambapo mwimbaji hunyamaza na magitaa yakashika kipande kifupi, yakakirudia mpaka wachezaji wakasahau kukaa. Franco, mpiga gitaa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya OK Jazz mwaka 1956, alikuwa na ujasiri wa kukishikilia kipande kimoja kwa muda ambao mpigaji mwingine angeona haya. Nami namhesabu kuwa bingwa wa jambo hili kuliko wote waliomfuata.

Nasema haya kwa sababu nasikia vijana wenye vipaji wakijaza wimbo mmoja mahadhi kumi, wakihofia kwamba akirudia mtu ataambiwa hana fikira. Mwenda, aliyefariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia, hakuwa na hofu hiyo. Basi msomaji mpenzi, itafute "Masanga", uisikilize mara tatu: mara ya kwanza ulifuate gumba peke yake, mara ya pili kidole cha shahada, na mara ya tatu uhesabu ni mara ngapi mzunguko umerudi pasipo kufanana na uliotangulia.