Kazi ya Nairobi, Makao ya Leipzig

Wengi wanaohamia Ulaya huku wameshikilia kazi ya nyumbani hujiambia kwamba, maadamu mshahara unaingia kwenye akaunti ya Nairobi, serikali ya huko waendako haiuhusu. Sivyo. Kinachotazamwa kwanza ni mahali alipoketi mfanyakazi anapofanya kazi. Anayelipa yuko wapi, au pesa zimepitia benki gani, hayo huja baadaye.

Tuchukue mhasibu wa kampuni ya Nairobi ambaye mumewe amepata kazi Leipzig. Kibali hakimsumbui, kwani aliyeingia Ujerumani kuungana na mwenzi wake huruhusiwa kufanya kazi. (Mwanafunzi ndiye awe mwangalifu: ana siku 140 tu kwa mwaka, na kazi ya laptopu chumbani nayo huhesabiwa.) Bosi ameridhia, hata amemwambia aondoke na laptopu ya ofisi. Hapo ndipo watu hudhani mambo yamekwisha.

Kodi, jambo linalotisha wengi, ina njia yake. Kenya na Ujerumani zina mkataba wa kuzuia mtu kutozwa kodi mara mbili, uliotiwa saini mwaka 1977. Kwa mkataba huo, mkaazi wa Ujerumani anayefanyia huko kazi yake yote hutozwa kodi huko. Lakini sheria ya kodi ya Kenya huhesabu mshahara unaotolewa na mwajiri aliye Kenya kuwa pato la Kenya, hata kama anayelipwa yuko mbali. Basi mtu wa mishahara ataendelea kukata PAYE asipopewa sababu ya kuacha, na sababu yenyewe ni cheti cha ukaazi kutoka Finanzamt, ofisi ya kodi ya kule. Kiombwe mapema, kuidai KRA irudishe pesa zilizokwisha kukatwa ni safari nyingine. Aliyeajiriwa Dar es Salaam asiutegemee mkataba huo, maana Tanzania haina wa namna hiyo na Ujerumani.

Kigingi hasa ni michango ya hifadhi ya jamii. Hata mwajiri asiye na ofisi Ujerumani hutakiwa ajisajili apewe namba ya mwajiri, amwandikishe mfanyakazi kwenye mfuko wa bima ya afya, kisha apeleke michango kila mwezi. Mchango wa uzeeni peke yake ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu kwa nusu. Ukiongeza afya, uuguzi wa wazee na bima ya kukosa kazi, jumla hupita asilimia 40, na karibu nusu yake inatoka mfukoni mwa mwajiri. Kuendelea kulipa NSSF hakumwokoi mtu, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina makubaliano ya hifadhi ya jamii.

Kuna na hili, ambalo huwashtua mabosi wa Nairobi: kima cha chini cha mshahara cha Ujerumani kinamfunga hata mwajiri aliye nje, mradi kazi inafanyika Ujerumani. Tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni kama euro 2,400 kwa mwezi, zaidi ya shilingi laki tatu za Kenya. Mhasibu wetu analipwa ngapi? Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, na ni afadhali yaishie hapo kabla tiketi haijakatwa.

Wengine hugeuzwa wakandarasi, wakatuma ankara kila mwisho wa mwezi. Mimi siipendi njia hiyo. Mteja akiwa mmoja, bosi yule yule na saa zile zile za kazi, mamlaka ya Ujerumani inaweza kusema wewe ni mwajiriwa tu, kisha ikadai michango ya miaka minne nyuma. Kampuni za kati, zinazokuajiri huko kwa niaba ya mwajiri wako, ni salama zaidi, ila hutoza ada na hazikwepi kima cha chini.

Mwajiri akikubali yote haya, mkataba mpya utaje saa za kazi kwa saa za wapi. Ujerumani hubadili saa mara mbili kwa mwaka, Kenya haibadili: kikao cha saa mbili asubuhi Nairobi huwa saa moja Leipzig wakati wa kiangazi, na saa kumi na mbili alfajiri wakati wa baridi.