Jumapili ya Berlin na Mjusi wa Tendaguru

Ujerumani hufunga maduka siku ya Jumapili. Wameliandika jambo hili ndani ya katiba: kifungu kinachoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko kilitungwa katika katiba ya Weimar ya mwaka 1919, na ilipoandikwa katiba ya sasa, mwaka 1949, wakakihamishia humo kama kilivyo. Kwa hiyo hata Berlin, jiji lenye watu zaidi ya milioni 3.6, supamaketi hazifunguliwi, ukiacha chache za kwenye stesheni kubwa, na duka la mikate linauza kwa saa chache tu. Ukiwasha drili kutoboa ukuta, jirani atakuja kukugongea mlango. Mgeni aliyezoea soko la Kariakoo au Kongowea atadhani mji una msiba. Mwenye watoto wadogo hachelewi kuona faida yake. Wazazi wengi wako nyumbani, madukani hakuna pa kwenda, basi kila familia inafunga vyakula na kutoka.

Sisi tunakaa Wedding, upande wa kaskazini-magharibi, kwenye kitongoji ambacho mitaa yake ina majina ya Kiafrika: Sansibarstraße, Ugandastraße, Tangastraße, Usambarastraße. Majina hayo yalianza kuwekwa enzi za ukoloni, Wajerumani walipokuwa wakijivunia makoloni yao. Barabara mojawapo ilipewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, mkoloni ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miaka mingi ya madai, Agosti 2024 vibao vyake viling'olewa na barabara ikagawanywa majina mawili: kipande kimoja ni cha Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa akipinga ukaburu, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee, kwa kumbukumbu ya vita vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani. Najisikia vizuri kila ninapoupitisha mkokoteni wa mtoto chini ya kibao hicho.

Treni yetu ni U6, ya chini ya ardhi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 6 halipi nauli, na wetu wote wawili bado. Stesheni hazina mageti. Unanunua tikiti, unaigonga muhuri kwenye mashine, unapanda. Usidhani hakuna anayeangalia. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na asiye na tikiti hulipa euro 60. Stesheni nyingi zina lifti, lakini lifti nazo huharibika. Hapo ndipo utakapomwona Mjerumani ambaye hajakusalimia tangu asubuhi akishika magurudumu ya mbele ya mkokoteni, mkapanda naye ngazi zote, akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Watu hawa hawana maneno mengi na mtu wasiyemjua, lakini mwenye mtoto mikononi hawamwachi akihangaika.

Tunashuka stesheni ya Naturkundemuseum. Kuanzia 1961 hadi 1990, miaka ya ukuta wa Berlin, treni za upande wa Magharibi zilipita hapa bila kusimama, kwa sababu juu yake kulikuwa Berlin Mashariki. Taa zilikuwa hafifu, na askari walisimama gizani kulinda mtu asitoroke. Leo watoto wanarukaruka kwenye jukwaa hilohilo na mama zao wanawafokea wasogee nyuma.

Makumbusho yenyewe yako hatua chache kutoka hapo, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1889. Ukiingia tu, ukumbi wa kwanza, yuko mbele yako: dinosaria, mjusi wa Tendaguru. Mifupa yake ni ya rangi ya udongo uliokauka. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo mgongo unapanda kuelekea mabegani, kisha shingo inaondoka kwenda juu, juu tena, mpaka mtoto anajikuta ameegemea nyuma akitafuta kichwa. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani inayompita kwa kimo. Mfupa mmoja tu, ule wa juu wa mguu wa mbele, una zaidi ya mita 2. Mimi nikisimama kando yake siufikii. Mdogo wetu humnyooshea kidole na kusema "twiga", na hakosei sana, kwani hata wataalamu wamempa jina la Giraffatitan. Aliishi miaka milioni 150 iliyopita, na alitoka Tendaguru, mkoani Lindi.

Hapo ndipo mzazi Mtanzania anapokuwa na kazi ambayo wazazi wengine ukumbini hawana. Kibao kinataja Tanzania, ndiyo, lakini mtoto wa miaka mitano hasomi kibao. Namwambia polepole: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kule, na waliochimba hasa walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, wakisimamiwa na fundi wao mkuu, Boheti bin Amrani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na nchi nzima ya kusini ilikuwa bado inalia njaa na makaburi. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu, ikapakiwa melini. Ilifika Berlin mizigo ya zaidi ya tani 200. Yule mkubwa alisimamishwa mwaka 1937. Na waliomzunguka pale ukumbini, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na wenzake, wengi wametoka Tendaguru hiyohiyo.

Mkubwa wetu aliniuliza, "Babu alimbeba?" Nikamwambia huenda babu wa mtu tunayemjua. Akatosheka, akaenda kuhesabu meno.

Mchana tunarudi kwenye U6, tunavuka jiji kwenda kusini mpaka Tempelhof. Huo ulikuwa uwanja wa ndege. Mwaka 1948 Wasovieti walipofunga barabara za kuingia Berlin Magharibi, ndege za Wamarekani zilileta hapa chakula na makaa, na marubani wengine wakawarushia watoto peremende kwa vimwavuli vya vitambaa. Ulifungwa mwaka 2008, ukafunguliwa kuwa bustani ya watu wote mwaka 2010. Serikali ya jiji ilipotaka kujenga nyumba pembezoni mwake, wananchi walipiga kura mwaka 2014 wakakataa. Ni zaidi ya hekta 300 za majani na njia za kurukia ndege, na hakuna kiingilio. Mtoto anayejifunza baiskeli anapewa barabara ambayo hata akiyumba vipi hagongi kitu. Kuna sehemu maalumu za kuchoma nyama. Familia za Kituruki na Kiarabu hutandika mazulia, moshi unapanda, na sisi tunafungua chapati na maharage yetu bila kuonekana wageni.

Kelele za watoto zimetanda kila mahali, na sheria iko upande wao: tangu 2011 sheria ya Ujerumani inasema kelele za watoto kwenye viwanja vya michezo na shule za chekechea kwa kawaida si usumbufu wa kushtakiwa. Ukiwauliza wazazi wa hapa watakulalamikia mengi, hasa nafasi za chekechea na kodi za nyumba. Mimi naona kwamba siku nzima ya familia yetu iligharimu tikiti za watu wazima na kiingilio cha makumbusho cha sisi wawili, kwa kuwa chini ya miaka 6 hawalipi. Nchi imepanga kusudi matembezi ya mtoto yasiwe anasa.

Ndiyo maana linaniuma kwamba mtoto wa Lindi hamwoni mjusi wake. Wabunge wetu wamelisema jambo hili zaidi ya mara moja. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Mazungumzo yameanza, basi na mifupa hii iwekwe mezani. Wataalamu wajadili kipi kinaweza kusafirishwa na kipi kitavunjika, lakini nakala kamili, ya kimo kilekile, isimamishwe Lindi mjini, na watoto waingie bure.