Siku moja kwenye Parke ya Rusizi: safari inapangwa kuanzia saa ya kurudi

Watu wa Bukavu, Kamanyola, Luvungi, Sange na Kiliba wanaujua mto huu vizuri. Kwetu unaandikwa Ruzizi, kwa jirani wa Burundi ni Rusizi. Unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unashuka bondeni, unaingia Ziwa Tanganyika. Mbele ya kufika ziwani, unapita katika Parke ya Taifa ya Rusizi, ambayo inalindwa na serikali ya Burundi. Ni moja ya parke chache ambazo mkaaji wa Uvira anaweza kuifikia asubuhi na kurudi kulala nyumbani siku ileile, ikiwa mpaka uko wazi.

Wengi wanapopanga matembezi, wanaanza na vitu wanavyotaka kuona: viboko, mamba, ndege, picha za watoto. Safari ya Rusizi inapangwa kinyume, kuanzia saa ya kurudi. Sababu ni kwamba kuna milango miwili inayofungwa jioni. Wa kwanza ni barrière ya mpaka. Wa pili ni mto wenyewe, kwa sababu jua likianza kushuka, viboko wanatoka majini na njia za watu zinakuwa njia zao. Mwenye kusahau mlango mmoja anaweza kulala Gatumba bila kupanga. Mwenye kusahau wa pili anaweza kupoteza maisha.

Parke iko wapi?

Wageni wengi wanafikiri kwamba mto ndio mpaka mahali pote. Kwa sehemu kubwa ya bonde ni hivyo. Lakini karibu na ziwa mto unagawanyika. Mkono mdogo wa magharibi ndio unaofuatwa na mpaka wa Congo na Burundi, na mkono mkubwa, Rusizi Kubwa, unapita ndani ya Burundi. Kwa hiyo msafiri anayetoka Uvira anavuka mpaka Kavimvira, anapita Gatumba kwenye barabara ya Bujumbura, ndipo anafika upande wa parke.

Parke ina sehemu mbili. Ya kusini ni delta, pale mto unapoingia ziwani kati ya matete. Ndiyo inayofaa kwa safari ya siku moja, kwa sababu iko karibu na barabara kubwa. Ya kaskazini ni Rukoko, yenye miti ya mikoche inayofanana na mitende. Kujaribu kumaliza zote mbili kwa siku moja, tena kwa kuvuka mpaka, ni kujitafutia haraka. Delta peke yake inatosha.

Delta hii ina historia pia. Mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walifika kaskazini ya Tanganyika kwa mtumbwi, kusudi wajue kama Rusizi inatoka ziwani ao inaingia. Wakati ule wazungu walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na kama mto ungekuwa unatoka ziwani, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo chenyewe. Walikuta maji yanaingia. Wavuvi wa pale walikuwa wanajua hilo tangu zamani.

Siku mbili mbele ya safari

Kazi ya kwanza ni kuuliza habari za njia na usalama. Mpaka huu umekwisha kufungwa kwa ajili ya vita, na pia kwa ajili ya ugonjwa: mwaka 2020 Covid ilifunga mipaka ya nchi kavu. Habari ya juma lililopita haitoshi. Wenye kujua ni watu wanaovuka kila siku: wamama wa biashara, madereva wa taxi, na wafanyakazi wa mpaka wenyewe. Kama jibu haliko wazi, safari ingoje. Viboko hawatahama.

Swali la pili ni maji. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ilitoka katika njia yake na kufunika sehemu kubwa ya Gatumba. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda tena, yakaingia katika nyumba za watu Gatumba na hata Uvira. Wakati wa namna hiyo, viboko na mamba wanafuata maji mpaka karibu na nyumba, na barabara inaharibika. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, ndicho kipindi chepesi zaidi kwa safari: njia ni kavu, na nyasi fupi zinaruhusu kuona mbali.

Swali la tatu ni karatasi. Kila mtu awe na karatasi ya kuvuka inayokubaliwa siku ile, iwe pasipoti ao laissez-passer, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Afadhali kuuliza kwa DGM mbele ya siku yenyewe kuliko kubishana kwenye barrière huku taxi inangoja. Wenye kwenda na watoto wasio wao, kama vile walimu ao wajomba, wachukue ruhusa iliyoandikwa na wazazi. Shule iwe na orodha ya majina yote, kopi mbili.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo kalamu na karatasi vinasaidia. Tuseme barrière inafungwa saa kumi na mbili ya jioni. Saa ya kweli iulizwe asubuhi wakati wa kutoka. Familia ipange kufika kwenye barrière saa kumi, juu foleni ya jioni ni ndefu na kila mtu anataka kurudi. Ili kufika saa kumi, itoke kwenye parke saa nane na nusu. Ili kutoka saa hiyo bila kukimbia, mtumbwi wa motere urudi pwani saa sita, watu wale chakula na kupumzika kwenye kivuli. Basi mtumbwi utoke saa nne. Na ili mtumbwi utoke saa nne, lazima wawe wamelipa mlangoni na kupata kiongozi saa tatu. Kwa hiyo kuvuka mpaka kuanze asubuhi, mara tu unapofunguliwa.

Kitu kimoja kinarahisisha hesabu: saa ya Uvira na saa ya Burundi ni moja. Hakuna haja ya kugeuza saa ya mkononi.

Viboko, mamba, na sheria za pwani

Kiboko anakaa majini mchana kwa sababu ngozi yake haivumilii jua kali. Usiku anatoka kula nyasi, na alfajiri anarudi. Hali nyama, lakini anaua. Anapokuta mtu amesimama kati yake na maji, anaona amezibiwa njia ya kukimbilia, na anapita juu yake. Ana uzito wa zaidi ya tani moja, lakini kwenye nchi kavu anakimbia kuliko mtu. Jike mwenye mtoto ni mkali zaidi. Na kinywa kikubwa kinachofunguka, ambacho wageni wanapenda kupiga picha, mara nyingi si mwayo. Ni onyo.

Kwa hiyo kiongozi wa parke si mtu wa kuonyesha njia tu. Ndiye anajua viboko wamelala wapi leo. Akisema mtumbwi usikaribie, abiria wasimwongezee pesa ili akaribie. Wasisimame, wasipige kelele, wasitupe mawe ili kiboko atoe kichwa. Kila mtu avae jilet ya kuelea tangu pwani, na ya mtoto iwe ya kipimo chake. Kama jilet hazitoshi, wengine wangoje zamu ya pili.

Mamba ni adui wa namna nyingine: hatoi onyo. Delta hii na pwani zake zilijulikana mbali kwa ajili ya mamba mkubwa aliyepewa jina la Gustave, anayesemwa kuwa aliua watu wengi. Lakini mtu hahitaji Gustave ili apatwe na hatari. Mamba wa kawaida anangoja karibu na ukingo, pale mtu anapoinama kunawa mikono ao mtoto anapochezea maji. Hakuna kuogelea, hakuna kunawa mtoni. Zaidi ya mamba, katika maji ya bonde hili kuna bilharzia.

Hatari hizi hazifuti uzuri wa mahali. Mtumbwi ukizima motere karibu na matete, mtu anasikia pumzi za viboko mbele ya kuwaona. Kuna mwari wenye midomo mikubwa, na mdiria anayesimama hewani kisha anashuka majini kama jiwe. Matete yenyewe ni mahali samaki wadogo wanajificha na kukomaa. Kuyachoma ao kuyakata ovyo ni kupunguza samaki wa kesho kwenye soko za pande zote mbili.

Pesa na mfuko

Bei ya kuingia haiko moja kwa mwenyeji na kwa mgeni, na mtumbwi mara nyingi unahesabiwa pembeni. Bei yote iulizwe mbele ya kupanda: ni ya mtu mmoja ao ya mtumbwi mzima, ni kwa muda gani, na kiongozi ndani yake? Risiti iombwe. Afadhali kuwa na faranga za Burundi mkononi, kwa noti ndogo.

Katika mfuko kuwe na maji safi ya kunywa ya siku nzima, chakula kisichoharibika na joto, kofia, viatu vilivyofungwa, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, kwani simu inaweza kuzimika ao kupoteza réseau mpakani. Picha zipigwe kwenye parke, si kwenye barrière, daraja ao kwa askari. Jino la kiboko ao ngozi ya mamba visinunuliwe: vinaweza kumfikisha mtu kwenye kesi, na vinalipa wale wanaoua wanyama.

Mtu mmoja aliyebaki nyumbani aambiwe saa ya kurudi, na nani wa kupigia kama saa hiyo inapita. Saa nane na nusu ikifika, hata kama viboko wazuri ndiyo kwanza wameonekana, mizigo ifungwe. Mwenye kuondoka mapema anaweza kurudi siku nyingine.